Mjane wa Sontonga na ule wimbo wetu

Jamani, kuna jambo linanikaa kichwani tangu nianze kuandika habari za huku mpakani. Ukivuka Tunduma ukaingia Nakonde, fedha inabadilika kutoka shilingi kuwa kwacha, bendera inabadilika na rais anabadilika. Wimbo wa taifa unabadilika maneno tu. Tuni ni ile ile. Sisi tuliianza na uhuru wa 1961, wenzetu wa Zambia 1964. Wanyamwanga wenye ndugu pande zote mbili wanasimama wima kwa muziki mmoja.

Mtunzi wake, kama tulivyofundishwa shuleni, ni Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Basi, somo linaishia hapo. Leo nataka tuingie nyumbani kwake.

Sontonga alizaliwa yapata 1873 huko Uitenhage, akasomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Alimwoa Diana Mngqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Wimbo wenyewe aliutunga 1897, akiwa kijana wa miaka 24 hivi. Tarehe 18 Aprili 1905 akafariki, hajafika hata miaka 35.

Sasa mfikirie Diana. Mjane, ana mtoto, na urithi mkubwa aliobaki nao ni nyimbo. Inasimuliwa kwamba haki za wimbo huu aliziuza kwa peni sita, yaani nusu shilingi ya Kiingereza! Alifariki 1929. Wakati huo wimbo ulishasafiri mbali: Sol Plaatje aliurekodi London 1923, na ANC wakaufanya wimbo wao rasmi 1925. Mjane aliyashuhudia mafanikio hayo, lakini wimbo haukuwa wake tena.

Na lile daftari? Sontonga aliandika nyimbo zake kwenye daftari la shule, walimu wa kwaya wakawa wanaliazima. Mwishowe likamfikia bibi mmoja wa ukoo huo, mpenzi wa ngumi asiyekosa pambano Soweto. Bibi akafariki miaka ya tisini, daftari halijaonekana mpaka leo. Hata kaburi la Sontonga lilipotea kwa miaka mingi, sababu moja ikiwa ni kwamba kwenye kumbukumbu za makaburi ya Braamfontein aliandikwa kwa jina la Enoch, bila ukoo. Mandela alizindua mnara hapo Septemba 24, 1996, na nishani ya Sontonga ikapokelewa na mjukuu wake.

Mtasema ndivyo ilivyokuwa zamani. Sidhani. Mozart alifariki 1791 akiwa na miaka 35, akaacha madeni na watoto wawili. Mkewe Constanze aliomba pensheni kwa mfalme, akaandaa matamasha, na mwishoni mwa 1799 akamuuzia mchapishaji André miswada ya mumewe kwa gulden 3,150. Hakuwa na akili kuzidi Diana. Alikuwa na miswada ndani ya nyumba, alikuwa na wachapishaji wa kushindanisha, na alikuwa na serikali ya kuipelekea ombi. Diana alikuwa Mwafrika katika Johannesburg ya 1905. Nani angemsikiliza?

Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu: kwa kipimo hicho wimbo ungelindwa hadi 1955. Nchi zetu zingeurithi bure bila kumdhulumu mtu, na Diana angekula jasho la mumewe miaka yake yote 24 ya ujane.

Huku Songwe kwaya ni nyingi, kuanzia Vwawa hadi Tunduma, na walimu wake wanatunga kila mwaka. Wengi wanaandika kwenye madaftari yale yale ya shule. Mwalimu wa kwaya unayesoma hapa, andika jina lako kamili na tarehe juu ya kila wimbo, kausajili, halafu mwonyeshe mkeo unapoweka hizo karatasi. Kusimama wima wimbo unapopigwa ni heshima kwa taifa. Heshima ya mtunzi ianzie kwa wale aliowaacha nyumbani.