Visu vya Machakos na Jicho la Mnunuzi

Mzee wa Ukambani anapotaka kununua kisu haulizi bei kwanza. Hukitwaa mkononi akakipima uzito, akakigeuza bapa hadi bapa, akakielekeza juani na kuyatazama makali yake kwa jicho moja, akakigonga kwa ukucha na kukitegea sikio. Na baada ya hayo yote, ikiwa kisu hakikumpa sababu ya kukirudisha juu ya gunia kilipotandazwa, ndipo aulizapo thamani yake. Kijana mwenye haraka huweza kudhani kwamba hayo ni mazoea ya uzee tu. Mimi nayaona kuwa ni baki ya elimu kubwa, ambayo asili yake ni ya kale kuliko mji wa Machakos wenyewe, na ambayo aghalabu husahauliwa kwa kuwa waandishi wa habari za chuma humtazama mfuaji, wakamwacha mnunuzi asimame nje ya kiwanda kana kwamba hakuwa na sehemu katika kazi ile.

Sifa ya chuma cha Afrika ya Mashariki ilivuka bahari zamani sana. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 katika baraza la mfalme Roger wa Sisilia, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilichukuliwa na wafanyabiashara hadi Bara Hindi, ambako mafundi walikifua panga zilizosifika. Habari hizo ni za pwani, na bara ilikuwa na njia yake.

Katika Ukambani chuma kiliokotwa vijitoni. Mvua kubwa zinaponyesha juu ya vilima, maji hushuka kwa kasi, hubeba udongo mwepesi, na huacha chini ya vijito mchanga mweusi ulio mzito kuliko mwingine. Mchanga huo ulikusanywa, ukaoshwa na kuoshwa tena hata ukabaki weusi mtupu, ndipo ukapelekwa kwa mhunzi. Yeye aliutia tanurini pamoja na makaa ya miti migumu, akauvukutia kwa mivukuto ya ngozi za mbuzi, na mwisho wa kazi hiyo ya saa nyingi hakupata chuma kilichoyeyuka kikamiminika, bali alipata bonge zito lenye vitundu, lililochanganyika na mavi ya chuma, ambalo lilimlazimu alipashe moto na kulifua, alipashe na kulifua, juu ya fuawe la jiwe, mpaka takataka zikatoka na chuma kikashikamana.

Hapo ndipo elimu ya mnunuzi ilipoanzia. Chuma cha namna hiyo ni laini; hakikubali matiko kama pua ikubalivyo, na ugumu mdogo kilio nao hutokana zaidi na kufuliwa kikiwa baridi. Kisu chake kikikutana na mfupa hupinda, hakivunjiki, na mwenyewe hukinyosha kwa jiwe akaendelea kuchuna ngozi yake. Madhali ugumu haukuwamo katika chuma kile, mnunuzi wa zamani hakupoteza wakati kuutafuta; alitafuta usafi. Alilitazama bapa karibu na makali, akatafuta mstari wa kijivu au ufa mwembamba uliolala sambamba na makali yenyewe, ambao ni dalili kwamba mavi ya chuma yamesalia ndani na nyundo imepita juu yake bila kuyatoa. Kwani kisu chenye ila hiyo hunoleka vizuri siku kinaponunuliwa, na baada ya miezi michache hubanduka ganda kwa ganda mpaka hakuna cha kunoa. Kadhalika aliutazama msuka, yaani ile sehemu iingiayo ndani ya mpini, kabla haujafichwa. Mhunzi mwenye haya aliacha msuka mrefu na mnene. Aliyetaka kubana chuma aliufupisha, akijua kwamba mti ungeifunika hadaa yake.

Mnunuzi aliweza kuutazama msuka kwa sababu alikuwapo kiwandani. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mhunzi, ambaye Wakamba humwita mutwii, alikaa miongoni mwa watu wake, na hali yake ilikuwa mbali na ile ya wahunzi wa Wamaasai, Il-kunono, waliotengwa na jamaa zao wenyewe. Aliyetaka kisu, au ncha za mishale, au shoka la kuchongea mizinga ya nyuki, alikwenda kwake, akaketi, akaona, akasema neno. Jina la mhunzi lilikuwa ndiyo chapa ya bidhaa, na jina hilo lilijulikana kutoka kilima hata kilima. Ustadi wa mafundi hao haukuwa wa kisu peke yake: mikufu yao myembamba ya chuma na shaba ilisifiwa na wageni na kutamaniwa na majirani, na yeyote aliyeushika mkufu wa namna hiyo, akaona jinsi vipete vyake vilivyo sawa, hatastaajabu kusikia kwamba watu wa nchi hiyo walikuwa wagumu wa kuridhika.

Biashara ya mbali haikuivunja desturi hiyo mara moja. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, na mtajika wa wakubwa wao, Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, katika safari ambayo ndani yake mgeni huyo aliuona mlima Kenya. Misafara iliporudi ilileta nguo, ushanga na masango. Na masango hayo wahunzi waliyapokea kwa furaha, kwani yaliwapa chuma na shaba bila taabu ya tanuri. Kisha Waingereza wa kampuni ya IBEA wakajenga kituo chao katika nchi ya Masaku, ambaye jina lake likawa jina la mji. John Ainsworth akakaa hapo tangu mwaka 1892. Na mwaka 1899 reli ilipoiacha Machakos kando na kufika Nairobi, makao ya utawala yakaifuata reli. Mji ulipoteza cheo chake. Vilima vilipata chuma rahisi cha kigeni, na tanuri za mchanga mweusi zikazimika moja baada ya moja.

Pamoja na chuma kilikuja kisu kilichokwisha kutengenezwa, na hasa kisu cha kukunja, kutoka Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Kwa mara ya kwanza mtu alinunua kisu ambacho hakumjua mfuaji wake. Jina likawa mchoro uliogongwa chini ya bapa, karibu na bawaba, na aliyeutengeneza mchoro huo alikuwa ng'ambo ya bahari asikoweza kuaibishwa. Tena watu wengi wa Machakos hawakukutana na kisu hicho dukani. Walikutana nacho jeshini. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika ya Mashariki, ambao Wakamba walikuwa sehemu kubwa yao, na ambao katika vita vya pili vya dunia walipigana Uhabeshi na hata Burma, walikijua kisu cha kukunja cha jeshi la Kiingereza, chenye bapa pana, kifungua makopo na mwiba wa kufungulia mafundo ya kamba, mpini wake mweusi umekwaruzwa miraba ili usiteleze mkononi. Naamini kwamba askari waliorudi na maarifa ya kisu hicho ndio waliowafundisha jamaa zao yale ambayo mababu hawakuyahitaji, kwa kuwa kisu cha kukunja ni mashine ndogo, na ila za mashine hazikai mahali zinapokaa ila za chuma kilichofuliwa.

Maarifa yenyewe ndiyo haya, na sioni kwamba yamepitwa na wakati. Kifungue kisu polepole, usikilize kwa kidole: kamani iliyo nzuri huanza kwa ukaidi, hulegea kwa utaratibu, na mwisho hulivuta bapa na kulifunga mahali pake kwa sauti moja kavu, kamani iliyo mbaya huacha bapa liende kama mlango usio na kitasa. Likisha kufunguka, lishike bapa kwenye ncha, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza hata kidogo katika hali ya upya, ribiti ya bawaba imelegea, nayo haitakaza kwa kutumiwa. Kiinue kisu dhidi ya mwanga wa mchana, utazame baina ya kamani na mabamba ya pembeni: mahali mwanga upitapo ndipo jasho na utomvu zitakapoingia na kutu ikaanza. Kipapase mgongo, kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, na kidole kisikwame penye kimo tofauti. Mwisho kifunge, uchungulie ndani ya mpini: bapa lilale katikati bila kugusa upande wowote, na makali yasifike chini yakaigonga kamani, kwani kisu chenye kasoro hiyo hujitia ubutu chenyewe kila kinapofungwa, na mwenyewe atamlaumu mnoaji bure.

Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alipata chuma kisichoshika kutu, na muda si mrefu visu vyake vikaenea. Vile vya mwanzo vilikuwa na makali mabaya, hata Waingereza wenyewe wakavisema kwamba havikati. Vilivyofuata vilitengenea; lakini mng'ao wao uliiharibu dalili moja ya kale, kwani mnunuzi aliyezoea kuisoma rangi ya bapa sasa alitazama kioo kilichomrudishia uso wake.

Waliobaki na elimu nzima ni wachongaji. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika katika vita vya kwanza vya dunia, akaona huko kazi ya wachongaji wa vinyago, na aliporudi akaianza kwao. Kutokana na mtu huyo mmoja Wamunyu ikawa nchi ya uchongaji ijulikanayo duniani. Mpingo ni mti mzito uzamao majini, na muhugu nao haumwonei mtu huruma. Mbele ya miti hiyo kisu cha uongo hakimalizi asubuhi moja. Kwa hiyo wachongaji waliwarudia wahunzi wa nyumbani, na wahunzi wakapata madini ambayo babu zao hawakuwa nayo: bapa za springi za magari, zenye kaboni kiasi cha nusu ya sehemu moja katika mia, ambazo hukubali matiko barabara.

Hapo jicho la mnunuzi lilijifunza upya, na safari hii lilitafuta ugumu na usafi pamoja. Tupa hupitishwa juu ya makali: ikiteleza bila kuuma, matiko yameingia, ikiuma kwa urahisi, kisu ni laini. Kisha ncha huegemezwa juu ya ubao na bapa kupindwa kidogo, likaachwa; lirudi sawa. Likibaki limepinda, halikutiwa matiko. Likikatika, lilitoswa majini na halikupashwa tena moto mdogo wa kulituliza, ule unaolipa chuma rangi ya majani makavu kabla ya kufikia buluu. Baadaye sikio hufanya kazi yake: kisu hushikwa mpini na bapa kugongwa, nacho hulia kwa sauti safi ikiwa msuka umekaa na noleo limebana, au hutoa mtetemo mchafu ikiwa kuna ufa au mti umeachana na chuma.

Siku hizi katika masoko ya Machakos, Masii na Mwala visu vya kukunja vya bei ndogo huuzwa kwa mafungu, na bawaba zao nyingi hazidumu. Bapa huondolewa katika mpini uliokufa, likatiwa mpini wa mti, tundu la ribiti likawa tundu la msumari, kisha likanolewa upya kwa jiwe la umeme. Kazi hiyo ni halali na huwapa watu wengi kisu cha kufaa. Hatari yake ni jiwe lenyewe, ambalo kwa mkono wenye pupa huchoma makali na kuyaondolea matiko katika muda wa kupepesa jicho. Fundi mwenye hadhari hulitosa bapa majini kila mara, kabla halijashindwa kushikika kwa kidole. Asiyejali huacha karibu na ncha, pale chuma kilipo chembamba kuliko pote, doa la buluu, kisha hulifuta kwa msasa. Na mchongaji anayejua analolitafuta hukigeuza kisu mpaka mwanga ulale juu ya bapa, akakipitishia tupa mahali hapo kwanza kabla ya kwingine.