Kinga

Mvua ikianza Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, ndoo hutegwa chini ya bati. Watu wanakinga maji. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa kinga ya mwili: kukinga ni kukaa njiani mwa kitu, ukizuie au ukipokee.

Mtaa huu una haki juu ya neno hili. Tangu 1985 watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, Kanada, walifuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono hapa, wakakuta wachache ambao, miaka nenda miaka rudi, hawakuambukizwa VVU. Katika damu ya baadhi yao zilionekana seli T zilizolenga VVU, ziuazo seli zilizovamiwa na virusi hivyo. Wanawake hao wanastahili shukrani kubwa.

Kuna kinga nyingine: kipande cha ukuni chenye moto. Kwa saratani, maana hiyo inafaa zaidi. Seli T huua seli za saratani pia, lakini uvimbe hujua kuzipoza. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuziamsha upya. Dawa zinazoziamsha hivyo huwafaa baadhi ya wagonjwa, si wote, na moto ukizidi huunguza hata utumbo na ngozi ya mgonjwa.