Kihisi joto kibovu: Kifaa kidogo kinachomaliza petroli ya magari ya zamani

WAMILIKI wengi wa magari ya zamani huanza kukitilia shaka kituo cha mafuta pindi wanapoona tangi linakauka kabla ya siku zake. Baadaye lawama huhamia kwenye pampu ya petroli, kisha kwenye plagi, na hatimaye kwa fundi aliyelishika gari mara ya mwisho.

Wakati mwingine mkosaji ni kifaa kisichozidi urefu wa kidole, kilichofungwa ubavuni mwa injini huku ncha yake ikiwa imezama ndani ya maji ya kupozea. Hicho ni kihisi joto cha injini, ambacho mafundi wa gereji hukiita sensa ya joto, jina ambalo kwa asiye wa fani hiyo hukumbusha zaidi zoezi la kuhesabu watu.

Katika magari ya kabureta, dereva mwenyewe ndiye aliyevuta choki asubuhi ili injini ipate petroli nyingi, kisha akairudisha ilipopata moto. Katika magari yenye mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Kompyuta hiyo haina mkono wa kuigusa injini ijue kama ni ya moto au ya baridi. Hutegemea habari za kihisi joto peke yake, na ikidanganywa hupima petroli kwa kuufuata uongo huo.

Mfano unaofahamika kwa wengi ni Toyota Corolla za miaka ya 1990, hasa zile za AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE ya ujazo wa sentimita 1,498, ambazo bado huonekana katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi. Yaliyoelezwa hapa yanahusu magari hayo, ingawa misingi yake ni ileile kwa magari mengi ya umri huo.

Ndani ya kihisi hicho kuna kipande cha madini ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, kihisi kizima huonyesha ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika nyuzi 80, ukinzani hushuka hadi kati ya omu 200 na 400. Kompyuta hupeleka umeme wa volti 5 kwenye waya wa kihisi, kisha husoma kiasi kinachobaki na kukitafsiri kuwa joto.

Kifaa hicho kinapozeeka, au ncha yake inapofunikwa na kutu na magadi ya maji ya kisima yaliyojazwa kwenye rejeta kwa miaka mingi, tafsiri hiyo hupotoka. Hapo dalili hugawanyika pande mbili zinazopingana, na ndiyo maana mafundi wengi hupotea njia.

Iwapo kihisi kinadai kuwa injini ni baridi ilhali ina moto, kompyuta huendelea kumwaga petroli kama vile ni alfajiri ya baridi. Moshi mweusi hutoka, harufu ya petroli hujaa nyuma ya gari, plagi hufunikwa na masizi, na gari lililozimwa kwa dakika 10 nje ya duka hukataa kuwaka. Iwapo kinadai kinyume chake, yaani injini ni ya moto ilhali imelala usiku kucha, petroli huwa haba. Stata huzungushwa mara nyingi asubuhi, na injini ikishawaka hutetemeka na kuzimika hadi ipate joto yenyewe.

Madereva wengi huamini kuwa kosa la namna hiyo lingewasha taa ya injini kwenye dashibodi. Imani hiyo ni sahihi nusu tu. Katika magari hayo taa huwaka pale waya unapokuwa umekatika au kugusana kabisa. Hapo kompyuta huacha kukisikiliza kihisi na kuchukulia kuwa joto ni nyuzi 80, ndiyo maana gari huweza kwenda vizuri likishapata moto lakini likawa na taabu ya kuwaka asubuhi. Kihisi kilichochoka nusu, kinachosema nyuzi 40 wakati maji yana nyuzi 85, hakionekani kuwa na kasoro. Kompyuta hulipokea jibu hilo kama la kweli, taa haiwaki, na petroli huendelea kuteketea mwezi baada ya mwezi.

Kabla ya kununua chochote ni lazima kujua kwamba Corolla hizo zina vifaa vitatu vinavyofanana na vyenye kazi tofauti. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Cha kwanza ni kihisi cha kompyuta, chenye waya mbili. Cha pili ni kile kinachoendesha mshale wa joto kwenye dashibodi, chenye waya mmoja tu. Cha tatu ni swichi ya feni ya rejeta. Mshale unaweza kutulia katikati bila tatizo ilhali kompyuta inapewa habari za uongo, kwa sababu mshale na kompyuta havisomi kifaa kimoja. Vilevile, mtu anaweza kubadilisha kifaa cha mshale mara mbili na ulaji wa petroli usipungue hata kidogo.

Namba za Toyota husaidia kuondoa mkanganyiko dukani. Namba za kihisi cha kompyuta huanza na 89422, za kifaa cha mshale 83420, na za swichi ya feni 89428. Anayekwenda Kariakoo au Kirinyaga Road akiwa na namba hizo, pamoja na kifaa cha zamani mkononi, huwa na nafasi ndogo ya kuuziwa kisicho chake.

Kuhusu vipuri vilivyotumika, busara ni kujihadhari. Mlango au taa ya mtumba hukaguliwa kwa macho, lakini kihisi hakionyeshi ugonjwa wake kwa nje. Akilazimika kununua cha namna hiyo, mnunuzi adai kipimwe kwa mita ya umeme palepale. Katika joto la kawaida la Dar es Salaam, la nyuzi 30 hivi, kinapaswa kusoma karibu omu 1,600.

Kuna jambo jingine ambalo halina budi kuchunguzwa kwanza, nalo ni themostati. Katika gereji nyingi imekuwa desturi kuitoa kifaa hicho na kukitupa kila gari linapochemsha, kwa hoja kwamba nchi za joto hazikihitaji. Hoja hiyo haina msingi. Themostati ya injini hizo huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikiondolewa, maji huzunguka tangu mwanzo, na katika barabara kuu, hasa usiku au katika nyanda za baridi kama Limuru au Njombe, injini huweza kwenda mwendo mrefu bila kupata moto wa kutosha. Kihisi huripoti baridi hiyo, kompyuta huongeza petroli, kisha kihisi hulaumiwa kwa kusema kweli.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine ya gharama. Kwenye chumba cha injini cha magari hayo kuna kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Matundu ya TE1 na E1 yakiunganishwa kwa waya mfupi, kisha ufunguo ukawashwa bila kuwasha injini, taa ya injini huanza kumeta. Ikimeta mfululizo kwa nafasi sawa, kompyuta haina kosa iliyolihifadhi. Ikimeta mara mbili, ikatulia, kisha ikameta tena mara mbili, hiyo ni namba 22, yaani kosa katika njia ya kihisi joto. Uangalifu unahitajika ili kutokosea matundu, kwa kuwa baadhi yake yana umeme wa betri.

Namba 22 isipotokea, bado kihisi hakijatakaswa, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Kipimo cha uhakika ni kukitoa, kuzamisha ncha yake kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, na kusoma mita maji yanapopata moto. Ukinzani unapaswa kushuka taratibu bila kuruka. Kikiganda mahali pamoja, au kikisoma omu 1,000 kwenye nyuzi 80, kimekwisha.

Kazi ya kukibadilisha huanza injini ikiwa imepoa kabisa, si kwa nusu saa bali kwa saa kadhaa. Kizibo cha rejeta huyabana maji kiasi kwamba yanaweza kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Anayekifungua kizibo hicho, au kukilegeza kihisi chenyewe injini ikiwa na moto, hurushiwa maji na mvuke usoni na mikononi, na majeraha yake si ya mzaha.

Waya hasi wa betri huondolewa, kisha maji kiasi cha lita moja au mbili humwagwa kwa kufungua koki iliyo chini ya rejeta. Maji hayo yakiwa ni kulanti safi, yakingwe kwenye chombo kisafi ili yarudishwe, na yasiachwe wazi: mengi yana sumu yenye ladha tamu inayowavutia mbwa na hata watoto.

Kihisi kipo upande wa gia boksi, jirani na distributa, kwenye shingo ya aluminiamu ambako mpira wa juu wa rejeta huanzia. Plagi yake ya plastiki, baada ya miaka 25 ya joto, huwa kavu kama ganda la yai. Kibanio chake kibonyezwe kwa taratibu na plagi ivutwe yenyewe, kamwe si kwa kuvuta waya. Kisha spana namba 19, au soketi ndefu ya namba hiyo, hukilegeza kihisi. Kikigoma, dawa ya kulainisha kutu iachwe ifanye kazi yake kwa muda. Kutumia nguvu kunaweza kukikatia ndani ya shingo na kuifanya kazi ya nusu saa kuwa ya siku mbili.

Kihisi kipya hufungwa na washa mpya. Nguvu inayotakiwa ni nyutonimita 20 tu, ambayo mkono wa mtu mzima huifikia bila kukaza misuli, kwa kuwa meno ya aluminiamu hukatika upesi. Utepe mweupe wa mafundi bomba hauna nafasi hapa. Kwa kihisi cha waya mbili hauna madhara makubwa, lakini ukizungushwa kwenye kile kifaa cha waya mmoja unaweza kukata njia ya umeme, kwani kifaa hicho hutegemea kugusana na chuma cha injini ili kukamilisha mzunguko. Mshale ukiacha kupanda baada ya matengenezo, utepe huo uwe wa kwanza kushukiwa.

Suala la mshale lina uzito wake. Dereva ambaye mshale wake umelala chini daima hupata habari ya injini kuchemsha kutoka kwa mvuke unaofuka kwenye boneti, tena akiwa katikati ya mlima Kitonga au kwenye foleni ya jioni. Kufikia wakati huo kichwa cha silinda, ambacho nacho ni cha aluminiamu, huenda kimekwisha pinda na gasketi kuungua.

Baada ya kufunga, rejeta hujazwa taratibu kwa kulanti iliyochanganywa na maji safi, nusu kwa nusu. Injini huwashwa kizibo kikiwa wazi na hita ya ndani ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, ili hewa iliyonaswa itoke. Mafundi wengi huruka hatua hii. Kihisi kilichozungukwa na mfuko wa hewa badala ya maji husoma vibaya hata kikiwa kipya kabisa, na mwenye gari hurudi dukani akilalamika kuwa ameuziwa bandia. Maji yakishuka, huongezwa. Mpira wa juu ukipata moto ghafla, themostati imefunguka na kizibo hurudishwa kabla maji hayajaanza kufurika.

Kosa lililohifadhiwa hufutwa kwa kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde 10 au zaidi. Gari lisipotulia baada ya safari ya siku mbili tatu, au namba 22 ikirejea, kipuri kipya kisilaumiwe kabla waya hazijapimwa kutoka kwenye plagi hadi kwenye kompyuta. Waya hizo zimepita jirani na joto la injini kwa zaidi ya robo karne, na mahali panapochubuka zaidi ni sentimita chache nyuma ya plagi, chini ya utepe mweusi ambao fundi wa awali huenda aliuzungusha ili kuficha kiungo kibaya.