Maradhi Yaliyojificha Ubohoni: Utambuzi wa Kifua Kikuu cha Eleanor Roosevelt, 1960–1962

Jina kifua kikuu huelekeza fikra kwenye kikohozi na mapafu. Hata hivyo, bakteria aliyetangazwa na Robert Koch jijini Berlin mwaka 1882 huweza pia kushambulia tezi, mifupa, utando wa ubongo na uboho. Insha hii inajadili ugumu wa kumtambua bakteria huyo nje ya mapafu, kwa kurejelea ugonjwa wa Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani.

Mwaka 1960 madaktari wa New York walibaini kwamba Bi. Roosevelt alikuwa na upungufu wa damu uliotokana na uboho kushindwa kuzalisha seli za kutosha. Utambuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Tatizo ni kwamba ulitosha kueleza karibu kila dalili iliyofuata, ukiwemo uchovu na homa. Mwaka 1962 alipewa predinisoni ili kuusisimua uboho. Dawa hiyo hudhoofisha kinga ya mwili, na huweza kuamsha vimelea vilivyolala kwa miaka mingi. Mgonjwa huyu alikuwa ameugua utando wa mapafu mwaka 1919.

Homa ilipokataa kushuka, madaktari walishuku kifua kikuu, wakaanza kumpa isoniazidi na streptomaisini kabla ya kupata ushahidi. Sampuli ya uboho ilioteshwa maabara, lakini bakteria huyu hukua polepole na majibu yake huchukua wiki kadhaa. Majibu yalithibitisha ugonjwa mwishoni mwa Oktoba. Mgonjwa alifariki tarehe 7 Novemba 1962, akiwa na umri wa miaka 78. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa maradhi yalikuwa yameenea mwilini, na bakteria walikuwa sugu kwa dawa zote mbili.

Kwa hiyo, si sahihi kudai kwamba utambuzi wa mapema ungemponya bila shaka. Funzo la kihistoria ni jingine: jina la ugonjwa lililo sahihi laweza kufunga mlango wa maswali. Pale dalili zinapokataa kutii tiba, historia ya mgonjwa, hata ya miaka 40 iliyopita, hustahili kusomwa upya.