Fuvu la Kalenga na kaburi la Mlambalasi

Barabara itokayo Iringa mjini kwenda Idodi na Hifadhi ya Ruaha humpitisha msafiri Kalenga kwanza, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini. Hapo, ndani ya jumba dogo la makumbusho, limehifadhiwa kwenye sanduku la kioo fuvu linalotambuliwa kuwa la Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe. Akisonga mbele na kuchepuka, msafiri hufika Mlambalasi, ulikozikwa mwili wa Mtwa huyohuyo. Kichwa kiko huku na kiwiliwili kule. Tumeizoea hali hiyo kiasi cha kuiona kama sehemu ya mila za Wahehe, jambo ambalo sikubaliani nalo. Kioo cha Kalenga kimetokana na tabia ya Wazungu ya kukusanya mafuvu, kikaja kuwekwa mahali pake na siasa ya mkoloni. Utakatifu walioutia wenyeji umekuja nyuma ya hayo yote, na ndiyo maana swali la kama fuvu hilo liendelee kutazamwa bado ni halali.

Kwa Wahehe, mkubwa aliyekufa hufuatwa kaburini. Huko ndiko linakofanyika tambiko na ndiko masoka, yaani mizimu ya wahenga, wanakoelezwa shida za walio hai. Munyigumba, baba yake Mkwawa, alifariki mwaka 1879, akazikwa Rungemba, na heshima yake haikuhitaji mfupa wake uonwe na mtu. Nchi jirani ya Uganda wapo waliofanya vingine. Baganda walilitenga taya la Kabaka, mfalme wao, aliyefariki, wakalipamba kwa shanga na kauri na kulijengea nyumba yenye watunzaji wake, mpaka Muteesa wa Kwanza alipozikwa Kasubi mwaka 1884 akiwa na taya lake. Lakini taya lile halikuwa la maonyesho. Lilikuwa kiungo cha kuzungumza na Kabaka, na walioruhusiwa kulikaribia walijulikana. Hata Ulaya, katika kanisa dogo la mifupa la Évora, Ureno, au lile la Sedlec katika Jamhuri ya Cheki, mafuvu yaliyopangwa ukutani ni ya Wakristo, yaliyopangwa na Wakristo, ili Mkristo anayeingia akumbuke kwamba naye atakufa. Katika mifano yote hiyo wafu wamo mikononi mwa watu wa imani yao.

Mkwawa hakupata bahati hiyo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wake walikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafa. Wajerumani waliwajengea watu wao mnara palepale Lugalo, ushahidi kwamba walijua vizuri namna ya kumheshimu maiti walipotaka. Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga, wakamwinda Mtwa kwa miaka karibu minne na kutangaza zawadi ya rupia 5,000. Alipojiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, Sajenti Meja Merkl aliamuru kichwa kikatwe, kikapelekwa Iringa kwa kamanda wa Wajerumani, Tom von Prince, kama ushahidi wa ushindi. Miaka ile makumbusho na hospitali za Ujerumani zilikuwa zikipokea vichwa vya Waafrika kwa shehena, kwa jina la sayansi ya kupima mbari.

Kilichofuata ni kioja cha kisheria. Horace Byatt, aliyeiongoza Tanganyika chini ya Waingereza, alishauri fuvu lidaiwe, na Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Dai hilo limo katika kifungu kimoja na Msahafu wa Khalifa Uthman. Wajerumani wakasema hawana fuvu kama hilo, na jambo likalala zaidi ya miaka 30. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifufua. Katika makumbusho ya Bremen alikuta mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichambua yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mtwa walio hai, kisha akachagua lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Mwaka huo vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza vilikuwa vimepamba moto nchi jirani ya Kenya, na TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, kilizaliwa Julai. Gavana wa wakati kama huo hatoi zawadi ya bure; alihitaji utiifu wa Wahehe, na fuvu lilikuwa njia ya kuuomba.

Watanijibu kwamba familia ililipokea, na kwa kulipokea ikaligeuza. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito kuliko zote. Alichokiteka adui kama nyara kimerudi kuwa heshima ya ukoo, na mwenye kauli ya mwisho ni ukoo, si mwandishi wa gazeti. Lakini kupokea mfupa wa babu yako si sawa na kuchagua kioo. Kioo ni samani ya makumbusho, ya Bremen na ya Kalenga vilevile, na kinamfanya mgeni anayewahi wanyama Ruaha amtazame Mtwa kwa namna ileile aliyotazamwa huko alikotekwa.

Wengine watasema vijana wasipoona watasahau, na watataja Rwanda. Katika makanisa ya Nyamata na Ntarama mafuvu ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yamewekwa wazi ili asitokee wa kukanusha. Mfano huo ni mzuri, ila unathibitisha kinyume. Kule mifupa inajibu uongo ulio hai. Hapa hakuna anayekanusha kwamba Mkwawa alikatwa kichwa. Limeandikwa na Wajerumani wenyewe na likatiwa saini Versailles. Isitoshe, kumbukumbu ya Lugalo ilidumu Uhehe miaka 56 yote ambayo fuvu halikuwepo.

Hoja ya tatu hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa: huenda si lake. Uteuzi wa Twining kwa rula na tundu la risasi haukuwa uthibitisho, kwani katika vita vya Mjerumani waliopigwa risasi ya kichwa walikuwa wengi. Watu hudhani shaka hiyo inalipunguzia fuvu uzito. Mimi naona inauongeza. Kama si Mkwawa, basi ni mtu mwingine aliyeporwa kwao, ambaye kwa zaidi ya miaka 70 anabeba jina la mwenzake mbele ya wageni wakati wa kwao hawajui alipo. Siku hizi kipimo kipo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliochunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, walitangaza kwamba vinasaba vya matatu vimeoana na vya jamaa walio hai nchini Tanzania. Ukoo wa Mkwawa ukiridhia, kazi hiyohiyo yaweza kufanywa Kalenga. Jibu likiwa ndiye, Mlambalasi kuna kaburi lenye nafasi yake. Likiwa siye, pa kuanzia kumtafutia kwao ni kumbukumbu za Bremen za yale mafuvu 84.