Bwawa Halijaribiwi, Programu Hujaribiwa

Bwawa la Nyumba ya Mungu, chini ya milima ya Upare, halikujengwa kwa kubahatisha wala kwa kurudiarudia. Maji ya mito Kikuletwa na Ruvu yalizuiwa katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1968 mitambo ya megawati 8 ikaanza kutoa umeme. Samaki walizaliana, wavuvi wakamiminika kutoka mbali. Baada ya miaka michache samaki wakapungua, lakini ukuta ulikwisha simama. Mhandisi wa bwawa hana nafasi ya kusema, "Tubomoe, tuanze upya."

Mtengenezaji wa programu anayo nafasi hiyo. Swali ni kama anaitumia.

Tuchukue huduma ambayo leo mchuuzi wa samaki pale bwawani huweza kulipwa kwayo: M-Pesa. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom zilianza kuijaribu Nairobi na Thika, kwa mchango wa fedha za serikali ya Uingereza. Nia ya mwanzo haikuwa watu kutumiana fedha. Ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo kwa simu ya mkononi. Wateja hawakufika 500, na mawakala walikuwa wanane tu.

Wateja wale wakafanya mambo ambayo hayakupangwa. Mmoja alimlipia mwenzake deni. Mwingine aliweka fedha kwa wakala kabla ya safari, akazitoa alikofika, asiibiwe njiani. Faulu nayo ikaona mfumo hauendi sambamba na mahesabu yake. Ingekuwa rahisi kusema wananchi hawajaelewa. Badala yake wahusika walitazama, wakapunguza mambo, wakaweka mikopo kando. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilijitangaza kwa kazi moja: kutuma fedha nyumbani.

Mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom, na mwanzo wake ukawa wa kusuasua. Kilichofaa Nairobi hakikutosha hapa. Ikabidi viwango vya ada na namna ya kupata mawakala virekebishwe. Majaribio ya jirani hayatoshi kuwa majaribio yako.

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, mara ngapi mfumo mpya wa kompyuta huletwa ukiwa umekamilika, utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa, na siku unapokwama mwananchi akaambiwa kwamba hana elimu ya kuutumia? Foleni inarefuka, mgonjwa anasubiri, karani anarudi kwenye daftari.

Rai yetu ni hii. Kabla ya kumwalika mgeni rasmi, mfumo upelekwe kwanza kwa karani, muuguzi na mchuuzi wachache. Watazamwe wanavyoutumia, na hasa wanavyoutumia kinyume na maelekezo. Hapo ndipo penye habari. Kurekebisha mambo kwa ajili ya watu 500 ni gharama ndogo. Kuwalazimisha mamilioni kuzoea kosa ni gharama ambayo wao ndio huilipa.