Vanga: Mpaka wa wakoloni haukuikata lugha

TUNAPOTAJA miji ya Waswahili, ulimi hukimbilia Lamu, Mombasa na Malindi. Vanga, mji mdogo wa wavuvi kwenye ncha ya kusini ya pwani yetu, husahauliwa. Wengi huuona kama mwisho wa Kenya, basi. Mimi nashikilia kuwa historia yake ni ya kivuko, na kwamba sisi wanaisimu tumeipuuza kwa hasara yetu.

Wenyeji wa Vanga, Wavumba, wana lahaja yao, Kivumba. Wenyewe husema Chivumba. Husemwa pia Wasini na Jimbo. Asili yao ni Vumba Kuu, mji uliotawaliwa na madiwani, ambao historia yake iliandikwa na Hollis mnamo 1900. Majirani zao Wadigo na Wasegeju wametapakaa Kwale hadi Tanga. Hata Mto Umba huchimbuka milima ya Usambara, Tanzania, ukamwaga maji yake baharini karibu na Vanga.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo ya ushawishi. Mstari ulianzia mdomo wa Umba ukaelekea Ziwa Jipe, ilhali ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 ungali wa Sultani Barghash wa Zanzibar! Baadaye mpaka ulisogezwa kusini kidogo hadi Ras Jimbo, Vanga ikabaki kwa Waingereza.

Je, watu waliacha kuvuka? Wapi! Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza kuanzia 1895, alivuka na wafuasi wake mwaka 1896 akajisalimisha kwa Wajerumani. Mstari uliokusudiwa kuwafungia watu ukawa kimbilio. Januari 1915 ukageuka uwanja wa vita. Pale Jasini, hatua chache kutoka Vanga, kikosi cha Lettow-Vorbeck kiliwashinda askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza. Hivyo Waafrika, Wahindi na Wazungu walimwaga damu kwa ajili ya mstari ambao wenyeji hawakuulizwa kuuhusu.

Hata serikali zetu huru ziliufunga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka hadi 1983. Fikiria shangazi yuko Moa, mpwa yuko Vanga, na katikati pana serikali mbili zilizonuniana.

Sasa kuna mpaka mwingine, nao tumeuchora wenyewe vyuoni. Tangu Kamati ya Lugha iundwe mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, lahaja kama Kivumba zimesukumwa pembeni. Mapendekezo mengi ya utafiti ninayoletewa huishia Lunga Lunga, ati kwa sababu kibali cha utafiti ni cha Kenya. Mwenzetu wa Tanzania naye huanzia Horohoro kwenda Tanga. Nani basi atatuambia Kivumba kinakutana vipi na Kimtang'ata?

Kiswahili kina hekima yake. Neno mpaka lina maana ya kikomo, lakini pia tunasema "kutoka Vanga mpaka Tanga," na hapo neno hilohilo linatufikisha. Vyuo vikuu vya nchi hizi mbili vishirikiane kurekodi lahaja hizi wazee wangali hai. Wavuvi wa Vanga hawajawahi kungoja ruhusa yetu ili wazungumze na jamaa zao.